Kizibo cha Unga wa Ngano

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, baba yangu amelala chali kwenye tope la barabara ya Basotu, amevaa koti lake la pekee la heshima, kichwa kiko chini ya pikipiki, na mimi nimesimama pembeni nimekunja suruali isiguse majani yenye umande. Mengi niliyoyaona ujanani yamenipotea, pamoja na karibu yote niliyofundishwa chuo kikuu. Hiyo haijanipotea. Naamini imekataa kwa makusudi.

Siku hizi kwenye sherehe naletewa kiti kabla sijakitafuta, na vijana wananipa shikamoo ambayo zamani niliijua kuwa ni mali ya watu wengine. Mimi sijioni mzee, ila goti langu la kushoto limeanza kuniona hivyo. Basi kwa kuwa nimeshapewa kiti, na aliyepewa kiti hutakiwa kusema neno, nitakusimulia habari ya tundu dogo. Lilikuwa dogo hata ncha ya penseli haikuingia yote.

Baba alikuwa katekista kule Gitting. Alilima mahindi na maharage kama watu wengine, akafuga ng'ombe wachache, na siku nyingine alipanda pikipiki kwenda vigango vya mbali kufundisha dini. Pikipiki hiyo aliachiwa na padri mmoja mzee aliyerudi kwao Ulaya. Ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, nzito kama ndama aliyenona, na ilikuwa kuukuu tangu siku tuliyoipata. Ilinizidi umri, nami niliambiwa niiheshimu kwa sababu hiyo hiyo. Mlio wake ulisikika tangu ng'ambo ya bonde, na mama alipousikia ndipo alipoanza kusonga ugali.

Chini kabisa ya bomba la moshi, mahali lilipovimba kama tumbo, palikuwa na hilo tundu. Injini ilipowashwa asubuhi ya baridi, na kwetu asubuhi zote ni za baridi, maji yalijikusanya ndani ya bomba, yakachanganyika na masizi, yakatoka hapo tone baada ya tone, meusi kama wino. Tope la barabara lilipenda kuliziba. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana, baada ya kurudi shambani, Baba alipiga magoti, akachukua spoki kuukuu ya baiskeli aliyoinoa ncha, akalizibua.

Usidhani sikujua kazi ya tundu lile. Nilijua vizuri kuliko watu wote wa Gitting. Likizo yangu ya kwanza kutoka chuoni nilimchorea Baba mchangani jinsi petroli inavyoungua na kuzaa maji, herufi na namba zake zote. Alitazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe hata moto hutoa jasho." Nikamsahihisha. Leo sioni nilikuwa nasahihisha nini.

Enzi hizo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yametanda uwanda wote wa Basotu. Ukisimama kwetu mlimani ulitazama chini ukaona ngano tu, mpaka macho yachoke, na kombaini zikitambaa humo kama kunguni kwenye shuka. Waliofanya kazi huko walikaa kambini, kwenye nyumba za bati zenye sakafu ya saruji na taa za jenereta. Wengi walitoka mikoa mingine. Sisi tuliwaita watu wa kambi, kwa sauti ile ambayo mtu huitumia anapodharau kitu anachokitamani.

Editha alikuwa binti wa kambi. Baba yake, Mzee Kajuna, mtu wa Bukoba, alikuwa mganga wa zahanati ya shamba, na watu wote walimwita Daktari. Mimi na Editha tulikutana juu ya lori la shamba lililotupakia Arusha, tumekaa juu ya magunia ya mbegu. Yeye alikuwa anasomea ualimu. Mimi nilikuwa natapika. Alinipa chungwa akaniambia nilinuse nisilile, na kabla hatujafika Katesh nilikuwa nimeshaamua kuoa.

Masika yalipoanza na chuo kikafungwa, Baba alinipeleka Basotu kunitambulisha. Tulikaribishwa kwa heshima. Wingu lilikuwa zito, Mzee Kajuna akasema pikipiki isilale mvuani, tuiingize barazani. Sakafu ya baraza ilikuwa nyekundu, imepigwa nta, inang'aa unaweza kujitazama uso. Tukanywa chai. Nilipogeuka nikaona chini ya bomba doa jeusi limeshakua kama sahani, na tone jingine linajiandaa.

Editha naye aliliona. Akacheka. "Paskali," akasema, "pikipiki yenu imetia sahihi."

Baba alicheka kuliko wote. Akatoa leso yake, akapiga magoti, akafuta sakafu ya watu huku akisema, "Samahani, Daktari, huyu bibi kizee hajui kujizuia." Mzee Kajuna naye akacheka, akaita wamletee Baba kitambaa asiharibu leso. Walikuwa na furaha wote watatu, mwanangu. Aliyeona baba yake anadeki nyumba ya wakwe ni mimi peke yangu. Nilitamani nta ile inimeze.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa nimekwisha kata shauri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nikajiona mtiifu wa wahenga. Wahenga hawakusema kwamba kila tundu ni ufa, lakini hilo nilikuja kulifikiria baadaye.

Kwetu kila mtoto anajua kuziba kihenge. Mahindi yakishajaa, mama huchukua udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na majivu, akaukanda, akaupaka mdomoni mwa kihenge mpaka fukusi asipate pa kuingilia. Nilichukua udongo huo huo. Nikaongeza gundi ya unga wa ngano, ile tuliyoipika shuleni kubandikia picha ukutani, maana niliona jambo hili linahitaji elimu kidogo. Nikaviringa kidonge, nikakisukuma tunduni, nikakikandamiza kwa dole gumba. Moto wa bomba ukakioka. Kikawa kigumu kama jiwe, na hakuna tone lililotoka tena.

Palibaki tatizo la Jumamosi. Baba angepiga magoti na spoki yake, angeona. Kwa hiyo nilimwendea kwa uso wa mtoto mwema. "Baba, umechoka. Muda wote nipo nyumbani, kazi ya bomba niachie mimi."

Alinitazama kwa muda, akaingiza mkono mfukoni, akanikabidhi spoki. Jumapili hiyo, nje ya kanisa, nilimsikia akimwambia jirani yetu Mzee Tluway, "Mtoto wa chuo kikuu, Tluway! Anapiga magoti kwenye pikipiki ya baba yake. Nani alisema shule inaharibu watoto?"

Mzee Tluway, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulitia pilipili, alijibu, "Ngoja apate mshahara ndipo usifu."

Basi kila Jumamosi nilipiga magoti. Nilichukua kitambaa na majivu nikasugua bomba kwa nje mpaka likang'aa kama sahani ya altare. Nyumba njema si mlango, na bomba jema si mng'ao, lakini waliopita njiani walisifu. Ndani maji yalikuwa yanajaa kidogo kidogo, yanakaa na masizi, yanalila bati.

Pikipiki ikaanza kuchoka. Mlima iliyoupanda ikiimba ikawa inaupanda ikilia. Baba akabadili plagi. Akasafisha kabureta. Akapunguza mzigo, akaacha nyumbani hata vitabu vya mafundisho. Jioni moja alirudi kwa miguu kutoka kigango cha bondeni, viatu vimejaa maji, anatetemeka, akakaa karibu na moto.

"Nimeiacha kwa mwenye kigango," alimwambia mama. "Imekataa mlima. Wiki zijazo nitakuwa natembea tu. Tumezeeka pamoja, mimi na yeye."

Mama akasema, "Usitembee na mvua hii, utakohoa."

"Watoto wa Komunyo wananingoja."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ng'ambo ya moto, nasoma. Nilikuwa nimeshika kitabu kikubwa. Nilijua ugonjwa wa pikipiki ile na nilijua dawa yake, na spoki ilikuwa mfukoni mwangu inanichoma paja. Nikafungua ukurasa mwingine. Akatembea wiki ile, na iliyofuata. Niliposafisha koo ili niseme, nilikumbuka sakafu nyekundu, nikajiambia: tukishaposa nitaizibua kimyakimya, nani atajua? Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, lakini mficha maradhi hujiona mjanja mpaka siku hiyo ifike.

Siku ya posa ilifika. Mzee Tluway, mshenga wetu, alitangulia jana yake kwa trekta la shamba. Mimi na Baba tulisema tutakwenda kwa pikipiki, iliyokuwa imesharudishwa kutoka bondeni, kwa kuwa njia karibu yote ni mteremko. Mama alimpigia Baba shati jeupe kwa pasi ya mkaa. Juu yake akavaa koti la kahawia alilofungia ndoa. Mimi nilivaa suti niliyoazima chuoni kwa mwenzangu mrefu kuliko mimi.

Tulipita Masakta salama. Ngano ilikuwa imefika kiunoni, imeanza kutoa masuke, na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kumbe mteremko ndio uliotumaliza. Tulipoinamisha pua kushuka, maji yote yaliyokuwa yamelala tumboni mwa bomba yakaja mbele. Pikipiki ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza.

Baba akapiga teke, hapana. Akatazama petroli, ipo. Akatazama plagi, nzuri. Kisha akaniambia nipige teke mimi huku yeye ameweka kiganja mwisho wa bomba.

"Haipumui," akasema. "Imezibwa. Lete spoki."

Nilimpa. "Baba, ngoja nifanye mimi."

"Na suti hiyo? Leo wewe ndiye unayetazamwa. Mimi wamekwisha kuniona."

Nikasogea kando. Mwanangu, nilikubali upesi mno. Mtu mwenye haya angebishana hata kidogo, kwa ajili ya adabu tu.

Akalala chali kwenye tope na koti lake. Akachokonoa. Spoki ikapinda. "Hili tope gani?" alisema kutoka chini. "Nipe jiwe." Nikampa jiwe, nikarudi mahali pangu pakavu. Akagonga taratibu kama mtu anayebisha hodi. Kizibo kikatoka kizima, na nyuma yake yakatoka maji ya majuma yote yale, meusi, mazito, yananuka yai bovu. Yalimwagika kifuani, shingoni na kwenye ndevu zake. Yeye hakuweza kuyakwepa, alikuwa chini.

Wakati huohuo gari la shamba likasimama. Tulikuwa tumechelewa, na Mzee Kajuna alikuwa ametoka kututafuta, Editha amekaa pembeni yake. Walipofungua milango waliona nilichokueleza mwanzo: mzee chini, kijana kando.

Baba akaketi. Alikuwa ameshika kile kidonge kiganjani. Upande mmoja kilikuwa na alama ya dole gumba, mistari yote imetokeza, imeokwa ikaokeka. Mimi msomi wa chuo kikuu nilikuwa nimetia sahihi kwa dole gumba. Alikitazama. Akatazama mkono wangu. Akakinusa kidogo, na niliona usoni mwake kwamba ameitambua harufu ya nyumbani kwake.

Editha alikuwa wa kwanza kumfikia. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, binti yangu. Usinishike, nimechafuka."

Akamshika mkono akamwinua.

"Kulikuwa na nini, Katekista?" Mzee Kajuna aliuliza.

Mkono wa Baba ukaingia mfukoni mwa koti. "Tope, Daktari. Unazijua barabara zetu."

Pikipiki ikawaka kwa teke la kwanza. Ililia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua za mwanzo, na Baba, na uchafu wake wote, akatabasamu.

Kambini, Editha alimmiminia Baba maji, Mzee Kajuna akamwazima shati lake. Mzee Kajuna alikuwa mtu mkubwa, kwa hiyo Baba aliketi kwenye posa ya mwanawe mikono ya shati imemfunika vidole. Koti alilichukua Editha akalifute. Mzee Tluway, aliyekuwa ametungoja kwa hamu na njaa, alimtazama akasema, "Katekista, umebatizwa upya? Safari hii wamekuzamisha kweli."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikafungua mazungumzo. Wazee walielewana vizuri sana. Mzee Kajuna alisema baba yake mwenyewe alikuwa mchunga mbuzi, na kwamba haoni shaka kutoa binti kwenye nyumba ambayo mzee wake analala kwenye tope ili mwanawe asichafuke. Kila sifa aliyopewa Baba ilinipiga mimi. Nilikaa na suti yangu safi.

Kisha, kama ilivyo desturi, akaitwa binti aulizwe mbele ya wote. Editha akaja, akapiga magoti kama wafanyavyo kwao, akasalimu. Mzee Tluway akamuuliza, "Binti, unamfahamu kijana huyu? Tumpokee?"

"Kabla sijajibu," alisema, "naomba kumuuliza Paskali neno moja."

Wazee wakatazamana. Mzee Kajuna akatikisa kichwa kukubali.

"Paskali, kule njiani, lilikuwa tope?"

Alikuwa ananitazama bila hasira. Leo najua alikuwa amenifungulia mlango na ameushika usijifunge. Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama mikono ya shati.

"Ndiyo," nikasema. "Tope."

Editha akafungua kiganja, akaweka kidonge juu ya meza, kwenye kisosi cha chai. "Kimedondoka kutoka mfukoni mwa koti la Baba nilipokuwa nalifuta."

Mzee Tluway, Mungu amrehemu, hakuweza kuona kitu asikishike. Akakichukua, akakigeuza, akakinusa. "Samadi. Majivu. Udongo wa kichuguu. Huu si ndio mfuniko wa kihenge? Na hiki cheupe..." Akakwaruza kwa ukucha, akaonja. "Unga wa ngano! Katekista, nani kwenu anaziba pikipiki kama..."

Akanyamaza katikati. Alikuwa ameona alama ya dole, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuacha neno lipite.

"Kosa ni langu," Baba alisema. "Mimi ndiye niliyempa spoki."

Hapo ndipo Editha alipojibu. Alimgeukia Baba, siyo mimi. "Mzee huyu nimemkubali awe baba yangu," akasema. "Mwanawe, bado."

Akasalimu tena, akatoka. Hakuna aliyemlaumu. Mzee Kajuna alikohoa, akasema chakula kiko tayari, na tulikula, kwa sababu kwenye nyumba za watu chakula kikiwa tayari huliwa. Wali ule sijui ladha yake mpaka leo. Tulipoaga, Mzee Tluway alinigusa bega. "Haya, Kizibo," akasema, "inuka twende." Jina hilo lilifika Gitting kabla yangu. Liko huko mpaka sasa, na watoto wa wenzangu wananiita Mzee Kizibo kwa heshima zote, hawajui limetoka wapi. Wanadhani ni la ukoo.

Tukaondoka mimi na Baba. Tulipopita Masakta alizima injini, tukakaa kwenye majani. Chini ya bomba, tone likaanguka. Likafuata jingine.

"Tazama," akasema.

Tukatazama.

"Mimi nafundisha watoto maungamo tangu hujazaliwa. Nawaambia, uchafu mdogo ukitoka kila Jumamosi hauui mtu. Na mwanangu mwenyewe akaona haya kwa tone." Akaelekeza kidole chini ya bomba. "Tone siyo aibu, Paskali. Aibu ni yale yaliyonimwagikia kifuani."

"Nisamehe, Baba."

"La sakafu ya watu nimekusamehe. Wewe ni kijana. Lakini uliniona natembea kwenda bondeni na mvua ile. Uliniona nimekaa pale motoni nimelowa, nawe unajua. Hilo nipe muda."

Ningependelea anipige. Fimbo huuma ikaisha. Lakini Jumamosi iliyofuata, baada ya shamba, aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile spoki iliyopinda, akiwa ameinyoosha kwa nyundo, akanipa. Nilipiga magoti, na safari ile sikuchukua kitambaa.

Editha hakunikubali. "Bado" yake ilidumu mpaka akaolewa na mwalimu mwenzake wa Mbulu, mtu mwema ambaye nimejaribu kumtafutia kasoro bila mafanikio. Ila neno lake kwa Baba alilitimiza. Kila alipopita Gitting alimletea sukari na majani ya chai, akamwita Baba, akakaa naye. Baba alipokufa alikuja na mumewe na watoto. Wakati wa kutupia udongo alisimama kwenye mstari wa binti zake, akalia kama wao, na hakuna aliyeuliza anatafuta nini pale.

Baada ya mazishi alinikuta nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeiwasha pikipiki, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini.

"Pole, Paskali." Akainama kutazama chini ya bomba. "Bado inatia sahihi?"

"Bado," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Ile siku ya kwanza niliipenda kwa ajili ya hilo tone. Kwetu kambini kila kitu kiling'aa." Kisha akaenda kusaidia kuosha vyombo.

Basi, mwanangu, sina hekima kubwa. Nina habari ya tundu. Nakuambia usione haya kwa kilichokubeba kwa sababu kinadondosha mbele za watu. Kinachodondosha kinajisafisha. Ogopa kile kilichong'arishwa kwa nje na hakitoi kitu. Ukijenga nyumba, acha humo tundu dogo: mahali mkeo anaweza kusema hili limeniudhi, mahali mtoto anaweza kusema mimi ndiye niliyevunja, na lizibue kila wiki kabla halijawa gumu la kugongwa kwa jiwe. Ukiona mzazi wako anatembea mvuani na wewe unajua sababu, usifungue ukurasa mwingine. Simama useme usiku ule ule. Na ukiulizwa, "Lilikuwa tope?", jua kwamba anayeuliza mara nyingi ameshashika kizibo mkononi. Haulizi ili ajue. Anakuuliza ili akuokoe.

Pikipiki bado ninayo. Bomba limekuwa na viraka vingi kuliko bati. Jumamosi nampigia goti lile zima, lile jingine nalibembeleza, nazibua.

Wazee wetu hubariki kwa mistari mifupi, na watu huitikia kila mstari. Wewe itikia hapo ulipo. Mvua ikukute umeshapanda. Baridi ikukute una kuni. Wakwe wakuone ulivyo na bado wakupe kiti. Mzazi wako asilale kwenye tope kwa ajili ya suti yako, na akilala, ulale pembeni yake. Neno gumu likutoke lingali tone. Na siku yako ikifika, asimame kwenye mstari wa wanao hata yule ambaye hukumzaa.